Kiwiko cha Nit

Jumamosi, 4 Agosti 2018

Surin, Thailand. Miaka arobaini na mitatu na miezi mitatu tangu nivuke mpaka kutoka Kambodia. Nimehesabu kwa sababu ya simu ya Kolap. Dada yangu amesafisha chumba cha nyuma kule Battambang, ametundika neti mpya, anataka nirudi nikae naye, nifike kabla ya sikukuu ya kuwalisha wazee waliotangulia. Nimemwambia ndiyo. Basi la tarehe 5 Oktoba. Ndiyo! Neno fupi hivyo, na limenichukua uzee wote.

Nit, binti wa mwenye nyumba wangu, kafunguliwa plasta jana. Alianguka ngazi za shule, akavunjika juu kidogo ya kiwiko cha kushoto. Mkono umetoka mwembamba, umepauka, na kiwiko kimekwama. Daktari wa wilaya amesema mfupa umeunga vizuri na mkono utanyooka. Sawa. Lakini mcheza ngoma hatoshelezwi na mkono ulionyooka tu. Anahitaji mkono unaopita hapo, unaobonyea kinyume kama upinde. Mwishoni mwa Novemba watu wa chuo cha ngoma wanakuja kuchagua wasichana wawili. Wawili tu. Nit ana miaka kumi na miwili, na tangu ana sita hajataka kitu kingine.

Jumapili, 5 Agosti

Kilio asubuhi. Nikatoka na mswaki mdomoni. Mama Nit alikuwa amemkalisha mtoto chini, vidole vya mtoto vimefumana, viwiko vyake kati ya magoti ya mama, na magoti yanabana. Ndivyo watoto wa ngoma wanavyolainishwa hapa, na kwetu pia. Mwalimu Sovanary, anayemfundisha ngoma, ndiye aliyeagiza: mara hamsini asubuhi, hamsini jioni.

Nikasema acheni. Mama Nit akauliza kwa heshima kama mzee ana njia nyingine. Nikasema ninayo. Sikukumbusha kwamba udaktari niliuacha mwaka wa tatu, Phnom Penh ilipoanguka vitani. Anajua. Mtaa mzima unajua.

Jumanne, 7 Agosti

Mama Nit anauza tambi mbele ya nyumba. Nimeomba bawa moja la kuku kutoka sufuria ya supu, nikalichambua juu ya gazeti mbele ya Nit. Mfupa mmoja juu, miwili chini — kama wake. Nikamwambia ageuze kiganja, ausikie mfupa wa upande wa kidole gumba ukizunguka mwenzake. Mwenzake hauzunguki, kazi yake ni bawaba. Nyuma una ncha kama ndoano, na mkono ukinyooka ndoano inaingia katika shimo lake kwenye mfupa wa juu. Kwa watu wengi safari inaishia hapo. Kwa wacheza ngoma, kano zimelegezwa tangu utoto, safari inaendelea kidogo.

"Sasa shimo langu limeziba?"

"Halijaziba. Nyama ndiyo inaogopa."

"Iambie, Babu. Mimi mwenyewe siogopi."

Akala bawa lote. Nikabaki na mifupa.

Tumepima kwa kipimapembe chake cha shule. Mkono wa kulia, ulio mzima, unapita kunyooka kwa nyuzi 12. Mgonjwa umepungua nyuzi 38. Dawa: maji ya uvuguvugu, akunje na kunyoosha mwenyewe, mtu yeyote asimvute.

Alhamisi, 16 Agosti

Pungufu ya nyuzi 31.

Alhamisi ni siku ya kuwaheshimu walimu wa ngoma wa zamani. Mwalimu Sovanary alikuwa amemaliza kuwasha udi mbele ya vinyago vyake vya ngoma, akaja moja kwa moja. Akaangalia zoezi kwa muda.

"Daktari Nusu, kwa mwendo huu huyu atacheza kwenye harusi ya mjukuu wake."

Akasema mikono yote ya wacheza ngoma wa ikulu ilitengenezwa magotini, wa kwake ukiwemo. Nikaeleza kwamba kiungo kilichotoka kuvunjika ukikilazimisha, nyama inachanika, inavuja damu ndani, na damu ile inaweza kugeuka mfupa. Alicheka. Nyama igeuke mfupa? Hata Mama Nit alicheka, kwa adabu, akitazama sufuria. Nimepewa hadi tarehe 15 Septemba. Baada ya hapo mkono anauchukua yeye.

Lipo neno moja lingemnyamazisha. Sikulisema.

Jumatano, 29 Agosti

Nyuzi 24. Nimenunua begi.

Jumamosi, 8 Septemba

Nyuzi 22.

Alhamisi, 13 Septemba

22 tena. Nit ameniuliza kama kipimapembe kinaweza kuharibika. Kolap kapiga: napenda mto mgumu au laini? Sijawahi kuulizwa.

Jumamosi, 15 Septemba

Niandike kama ilivyokuwa.

Mwalimu alifika saa nne. Nyuzi 21. Akavua viatu, akaketi mkekani, akamwita Nit aje magotini. Mtoto akaenda. Hakulia, ndilo lililonishinda.

Mkono wa kushoto wa Sovanary haunyooki. Anaucheza ukiwa umekunjwa, kwa ustadi hata wageni hudhani ndiyo staili. Yeye huwaambia wanafunzi kwamba vita ndivyo vilivyoufunga. Mwaka 1980, kambini mpakani, alikuwa na miaka ishirini na miwili na kiwiko kilichovunjika. Aliyekuwa zamu kwenye banda la wagonjwa ni mimi. Niliuvuta mkono ule kila asubuhi, wiki mbili. Ukawa jiwe.

"Siyo vita, Mwalimu," nikasema. "Ni mimi. Ile nyama iliyogeuka mfupa ni yako."

Akaendelea kumshika Nit mkono. Kisha akauachia, taratibu, kama anayeweka yai.

"Miaka thelathini na minane nimewadanganya watoto."

"Hukujua."

"Siku ya tatu ulikataa kuvuta. Nikakutukana mama yako mpaka ukavuta. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Kweli nilikuwa nimesahau.

Akaweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, akamwambia Nit apime na huo. Nit akapima, akasoma kwa sauti ndogo: pungufu ya nyuzi 52. Mwalimu akavaa viatu, akaondoka. Chai yake nimeimwaga mimi.

Ijumaa, 21 Septemba

Nyuzi 18. Mwalimu hajaonekana.

Alhamisi, 27 Septemba

Kaja! Hakunisalimu. Akaketi mbali, akaanza kuhesabu mapigo ya ngoma kwa mdomo, polepole sana, na Nit akaacha mazoezi yangu akaanza kucheza. Ule mkono ukafunguka wenyewe, kama umesahau kuwa mgonjwa. Nyuzi 11! Mwezi na nusu wa maji ya uvuguvugu, na sikufikiria kitu hicho.

"Andika hiyo kwenye daftari lako, Daktari," akasema. Nusu aliiacha.

Jumatano, 3 Oktoba

Nyuzi 4. Mama Nit amenifungia samaki wakavu wa kumpelekea dada. Mwalimu kasema niende tu, kipimapembe hata yeye anajua kukisoma. Nit amehamia kukaa karibu na begi.

Ijumaa, 5 Oktoba

Basi ni saa tatu. Saa moja na nusu tukapima. Sifuri! Mkono umenyooka kama rula. Mama Nit akafuta macho kwa aproni yenye unga.

Daktari wa wilaya angefunga faili hapa. Kwa Nit ndiyo mwanzo. Nyuzi 12 za kupita, wiki saba, na kuanzia sasa kila mtu atashawishika kusukuma kidogo. Mwalimu aliweka kiganja chini ya kiwiko, akakiondoa, akanigeukia.

"Hapa nifanye nini?"

Hajawahi kuniuliza.

Nimempigia Kolap. Nikamweleza mkono, mwalimu, kambi, kila kitu, hovyo hovyo. Akauliza kama chumba changu kinaingia mikeka miwili. Kinaingia. Wazee waliotangulia, kasema, watatukuta popote tutakapopika wali, na yeye anatafuta nauli ya kuja.

Saa tatu imepita. Mwalimu anahesabu mapigo, Nit yuko katikati ya mkeka, mkono unakwenda juu na mimi nimeshika kipimapembe kwa mkono mwingine huku naandika. Battambang sitarudi.