Mdogo Wangu Tisa, Mimi Hamsini na Nane

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimejifungia katika stoo ya vifaa hapa kazini, naomba unisaidie kabla sijamkosea mdogo wangu zaidi ya nilivyokwisha kumkosea. Mimi ni fundi wa maabara, nina miaka thelathini na minne, na kazi yetu ni kupima vinasaba vya mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya nishati vilivyomo ndani ya seli, ambavyo mtu huvirithi kwa mama peke yake, na katika seli moja unaweza kukuta vinasaba vizima vimechanganyika na vyenye kasoro, basi mashine yetu huigawa sampuli katika maelfu ya matone na kuyahesabu, lenye kasoro likiwaka kijani na zima likiwaka buluu, na mwishoni hutoa asilimia ya kasoro. Mama yetu anayo kasoro hiyo, imempa kisukari na kumziba masikio kabla hajafika miaka hamsini, kwa hiyo mwaka jana, bila kumwambia mkuu wangu wa kazi, nikaamua kujipima mimi na mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, yeye nikamtoa damu, na mimi, kwa kuwa mishipa yangu haionekani na kujichoma sindano sikuweza, nikatumia mkojo, ambao nao huwa na seli, majibu yakatoka, yeye tisa, mimi hamsini na nane.

Tisa, mshauri! Tumbo moja, ziwa moja, na yeye ndiye aliyepata sura, akapata sauti, akapata mume anayemfulia nguo, sasa na hili pia ni lake? Nilimwambia kuwa yeye ni salama, yangu nikayaficha, akanirukia shingoni akasema, "Dada, basi nazaa!" na kweli sasa ana mimba ya miezi sita, nami nikimwona anavyokishika kile kitumbo roho inaniuma hadi nashindwa kula. Mchumba wangu niliachana naye bila kumpa sababu. Mama, ambaye hajui lolote, juzi alinitania mezani, "Mwenzako analea mimba, wewe unalea mashine," watu wakacheka, na Chiriku akauliza, "Eti mama amesemaje?" ili tu nisimangwe mara ya pili. Siku hizi ana maringo, nikimwita kwa nyuma hageuki, na simu anaiweka sauti ya juu ili majirani wasikie anavyopongezwa. Wiki iliyopita kliniki ilimpangia kipimo cha sukari, akaniuliza, "Dada, kile cha kunywa maji matamu na kukaa saa mbili nacho ni lazima?" Nikamjibu, "Wewe na tisa yako unataka kupimwa nini tena? Kalale." Hakwenda. Sasa ananisihi nihamie kwake nimsaidie atakapojifungua. Je, nikikataa nitakuwa na kosa?

Dada Mkubwa

* * *

Binti yangu,

Nukta umezibania mno, lakini nimekuelewa. Pole. Kukaa na namba hiyo peke yako mwaka mzima, hata mchumba ukamwacha kwa ajili yake, ni mzigo ambao singemtakia mtu. Pole yangu inaishia hapo.

Ulimpima mdogo wako kwa damu, ukajipima kwa mkojo, kisha ukazilinganisha namba hizo kana kwamba zimetoka mahali pamoja. Nilimpigia simu daktari wa magonjwa ya kurithi, nikamsomea kipande hicho bila kukutaja. Akauliza, "Mama, huyo ni fundi kweli?" Akanieleza kuwa kwa kasoro kama ya mama yenu, kiwango kilichomo katika damu hushuka kadiri mtu anavyoongeza umri, huku cha misuli na cha masikio kikibaki juu; hivyo tisa ya damu inaweza kuficha mengi. Hamsini na nane yako nayo si hukumu: haisemi utaugua lini, wala kama utaugua. Mwaka mzima umemwonea kijicho mtu ambaye hujui kama amekuzidi. Nawe unayajua haya. Zingekuwa sampuli za watu baki, ungezirudia. Hizi hukuzirudia kwa sababu zilikupa ulichokuwa ukikiamini tangu utoto: kwamba kizuri chote ni cha Chiriku.

Sasa isome tena barua yako kama fundi. Mwanamke hageuki akiitwa kwa nyuma. Sauti ya simu yake iko juu. Mezani anauliza mama amesemaje. Wewe unayaita maringo! Angekuja mgeni na habari hizo, tena mwenye mama kama wako, ungeandika nini katika fomu yake? Mimi si daktari na sisemi kwamba anaumwa. Nasema kwamba alipangiwa kupimwa, ukamzuia. Kosa lako ni hilo, na ana mtoto tumboni.

Leo hii ukitoka kazini nenda kwake. Usipige simu. Kaa mbele yake auone mdomo wako, mtajie namba zote mbili, mweleze ulivyozipata, kisha mwambie kwa nini ulimjibu vile. Atalia. Huenda akakutoa nje. Kaa hapo mlangoni. Kesho asubuhi aende kliniki na mumewe, apimwe sukari, masikio na moyo, na daktari aelezwe ugonjwa wa mama yenu tangu mwanzo hadi mwisho. Mkuu wako wa kazi mweleze wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine, na adhabu yake uipokee bila maneno mengi. Vipimo virudiwe na mtu mwingine, nyote wawili kwa sampuli ya aina moja, wewe ukiwa mbali na mashine. Yule mchumba naye alistahili sababu. Mpe, hata kama hatarudi.

Ama swali lako la kuhamia, hilo si lako tena kuliamua. Ukishamaliza kumweleza yote, mwulize mdogo wako kama bado anakutaka nyumbani kwake. Akisema hapana, usibishane naye. Akisema ndiyo, nenda ukamtunze.