Ree Tatu na Punda Wako

Kaka Juma, shikamoo. Kadi hii isome peke yako, mama asiisikie.

Juzi hapa Dodoma nilimpoteza punda wako kwenye karata. Mnyapara wa kambi ya reli alimchukua kwa upole. Aliongeza dau kidogo kidogo, nami nikaona haya kuacha, mpaka kamba ikawa mkononi mwake.

Leo mchana upepo ulirusha vumbi na kazi ikasimama, tukakaa tena mimi na mnyapara kwenye ngozi ya ng'ombe. Kuinua karata zangu, nikaona ree tatu! Hakuna za kuzishinda. Moyo ukasema weka asali yote niliyokuja kuuza. Lakini angeogopa na kutupa karata zake, nami ningebaki na vumbi. Nikaweka msokoto mmoja wa tumbaku, tena kwa kuguna. Akacheka, akaweka miwili. Nikajikuna kichwa, nikaongeza mmoja.

"Mrangi, unaogopa?"

"Naogopa sana, bwana mnyapara."

Hapo akamweka punda. Ndipo nami nikaweka asali.

Alipoziona ree zangu alikizungusha kisu cha tumbaku mkononi. Nikahesabu pumzi zangu. Mwishowe akanitupia kamba. "Kumbe juzi ulikuwa unausoma mchezo wangu."

Wabusu watoto. Mama mwambie nimekula ugali wa uwele na mlenda, nimeshiba. Naondoka sasa hivi, kaka. Mnyapara ameshanikaribisha tena kwenye karata, kwa upole, nami najijua.

Mdogo wako, Saidi