Silki ya Kijani Iliyokataa Weusi

Dongobesh, Jumatano, mwezi wa sita, 1957

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Baridi inaingia mpaka kwenye kucha, na kucha zangu ni nyeusi, siku ya tatu sasa. Daftari langu, leo usitegemee upole. Nina hasira.

Nina hasira na mume wangu.

Nianze na nguo. Wiki iliyopita shemeji Athumani, kaka mkubwa wa mume wangu na mwenye kauli katika duka letu, alirudi na lori la Arusha akiwa na majora manane ya silki ya kiwandani, kijani kama majani ya mbaazi. Alisema ameipata kwa bei ya kutupa. Wafugaji wa Hanang wanaonunua kwetu hawataki kijani, wanataka nyeusi, hata mbuzi wao wanajua. Yeye akasema hilo si neno, Mama Zuhura ataitia weusi.

Mama Zuhura ni mimi. Nyuma ya duka nina kibanda na sufuria yangu. Nachemsha magome ya mgunga, naloweka amerikani, ile nguo nyeupe ya pamba, humo, kisha naizika kwenye tope jeusi la mbugani, nasuuza, narudia mpaka weusi ukae. Mama yangu ndiye aliyenifundisha. Watu wanatoka Balangdalalu kwa miguu, wanazipita kaniki, nguo nyeusi za madukani, na kuja kwangu, kwa sababu weusi wangu haupauki. Katika nyumba hii yote, kibanda kile ndicho kitu pekee kinachoitwa changu.

Niliomba kipande kidogo nijaribu kwanza. Shemeji akasema rangi ni rangi tu. Papo hapo akamwahidi Mama Gidamis, mjane wa kule Balangdalalu, shuka nne nyeusi ili wanawe wazivae siku ya kumaliza kaburi la baba yao, ndiyo siku ya mwisho ya matanga kwao. Zimebaki siku nne.

Nimechemsha siku tatu. Nimemaliza kuni za wiki nzima na karibu magome yote. Silki inatoka kwenye tope nyeusi, moyo wangu unaruka, halafu maji yakipita inarudi kijani ileile. Jana nilitumbukiza na kipande cha amerikani kuukuu, kikatoka cheusi tii. Sufuria moja, tope moja.

Shemeji hakutaka kukiona. Alisimama dukani mbele ya wateja akasema mkono wangu umekwisha, na kibanda kitafanywa stoo ya mafuta ya taa. Mume wangu alikuwepo. Alikuwa anapima sukari. Aliendelea kupima sukari.

Mwenye nguvu mpishe, nikajiambia, nikarudi kibandani. Mume wangu nilimwonea hata huruma. Nilidhani hana la kusema.

Leo asubuhi nilikuwa natafuta sindano kwenye koti lake, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Ilibanduliwa kwenye jora, gundi bado iko nyuma. Kiingereza sisomi. Mume wangu anasoma, ndiye aliyefika shule ya kati. Lakini karatasi ina picha. Mtu anamimina rangi kwenye pipa la kitu kizito kama uji. Chini ya pipa kuna bati lenye matundu, na ule uji unatokea humo ukiwa nyuzi, nyuzi zenye rangi tayari.

Nilikaa chini. Nimekamua tambi za Idi kwenye kibati cha matundu tangu utotoni. Ukitia rangi kwenye unga, tambi hutoka na rangi mpaka ndani. Kumbe uzi huu haukupakwa kijani, ulizaliwa nacho.

Nikampelekea, nikamwambia anisomee. Akasoma kwa sauti ndogo. Chini kabisa imeandikwa kwamba nguo hii haichuji rangi, wala isitiwe rangi nyingine kwa sababu haipokei. Nikamuuliza amejua lini.

"Siku ileile ilipofika, Mama Zuhura. Sasa ningemwaibishaje kaka mbele za watu?"

Kaka haaibishwi mbele za watu. Mimi naaibishwa.

Saa sita Mama Gidamis akaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijafungua kinywa shemeji akamwambia kwamba mke wa mdogo wake ameharibu nguo. Yule mama akasogea kwenye jora. Akaichukua ile silki mbichi, akachomoa uzi mmoja, akaupasua kwa ukucha, akauangalia mlangoni kwenye mwanga: kijani mpaka ndani.

"Huyu hajaharibu," akasema. "Ndama akizaliwa mwekundu, wewe utamchemsha awe mweusi?"

Wateja wakacheka. Shemeji akaingia ndani. Mume wangu akatazama mizani. Karatasi alikuwa ameirudisha kwenye koti, na koti alikuwa amelivaa, na hakuitoa. Mama wa watu asiyejua a wala be alinitetea kwa ukucha wake. Msomi wangu alitazama mizani.

Sikumwacha Mama Gidamis aende na masikitiko. Nilimwambia shuka zitakuwa tayari. Amerikani dukani imeisha, kwa hiyo nilikwenda chumbani nikatoa shuka za kitanda chetu, zile mbili nzito za amerikani za harusi, nikazikata katikati. Zikawa nne. Ninapoandika hivi ziko kwenye tope, na weusi zimeukubali. Baba Zuhura atatandika silki ya kijani, ipo ya kutosha.

Alipovua koti kwenda kutawadha, karatasi niliichukua. Nimeibandika kwa uji mzito wa mahindi nyuma ya mlango wa duka, pale shemeji anapotundika kofia yake kila asubuhi. Na yeye Kiingereza hajui, lakini picha ataiona, na atamwita mdogo wake amsomee.

Mume wangu alinikuta nikiibandika. Akapita kwenda kuswali. Uji haujakauka, mtu akitaka kuibandua ni kazi ya kidole kimoja.

Sitalinda mlango. Kesho nitatangulia kuamka, niende nikaone kama bado ipo, na hapo nitajua nimeolewa na nani.