Wimbo wa Nane Sikuuchora

Abti,

Nimekuja kumalizia ubishi wetu. Najua huwezi kunijibu, na sipendi kumshinda mtu asiyejibu, lakini wewe nawe ulinikatiza mara ngapi nikiwa katikati ya sentensi? Leo ni zamu yangu. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichotumia kugombana. Kisomali tulikiweka kwa salamu, kwa dua na kwa mambo ya heshima. Ukiona nimeanza kukupinga, ulihamia Kiswahili chako cha lori, kile ulichookota barabarani kati ya Mandera na Garissa, nami nikajua vita vimeanza.

Filamu imekwisha. Kanda yako yote, nyimbo zote nane, kwa mpangilio uleule ulioziweka, na hakuna anayesema neno ndani yake ila wewe unayeimba. Watu wameiona. Habaryar Shamsa, mkeo, ameiona pia. Nitakueleza yote, lakini tafadhali kaa, usiinuke kama siku ile.

Siku ile unaikumbuka. Nilikuja na kompyuta yangu nikakuonyesha filamu ya katuni ya watu wa mbali, iliyotengenezwa juu ya albamu nzima ya muziki. Mtu wa posta anatembea katika mji wenye mvua, ana barua moja mkononi tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna mazungumzo. Nilikuwa nimeitazama mara nne. Nilichokipenda ni kwamba picha haikuweza kuukata wimbo. Kwenye filamu nyingine muziki ni mtumishi tu, unaitwa watu wakilia au wakipigana, kisha unafukuzwa. Pale muziki ndio mwenye nyumba, na picha ilikuja kama mgeni, ikavua viatu mlangoni. Nilidhani wewe, kuliko mtu yeyote, ungeipenda. Wewe uliyekataza mtu kuzungumza mpaka upande mzima wa kanda uishe! Chai ilipoa, watu walibisha hodi mpaka wakachoka, nawe huku umekaa tu unasema, "Mgeni atangoja. Wimbo haingoji."

Ulitazama nyimbo mbili. Wa tatu ulipoanza, uliinuka ukachukua kofia yako. "Abti," uliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "mimi nikisikia wimbo naona kitu yangu. Hii bicha inaniletea kitu yake. Inanifunga macho." Nikakujibu kwamba mzee hajui sanaa mpya. Ndiyo, nilisema hivyo. Ukacheka, ukaenda kuswali Alasiri. Miezi mitatu baadaye tulikuzika, na nilikuwa sijakuomba radhi. Sikuwa nimekuambia hata kwamba nataka kuzichora nyimbo zako.

Baada ya maziko, Habaryar Shamsa aliifungia kanda ndani ya sanduku la bati, lile la nguo zake za harusi. Ile ndiyo nakala pekee iliyobaki nzima; zile nyingine uliziua mwenyewe kwa vumbi la lori. Hakutaka kuisikia. Redio ikileta kaban, ala uliyoipiga wewe, aliizima kabla nyuzi hazijapigwa mara mbili. Na unajua alivyokuwa. Aliimba akikanda unga, aliimba akifua, na alikukosoa sauti kutoka jikoni huku wewe ukiwa na wageni sebuleni. Mwaka mzima nilienda kumwona na sikusikia hata mguno wa wimbo katika nyumba ile.

Nilipomwomba kanda alifungua sanduku. Akaniambia nichore. Lakini nikimaliza, ataitazama mbele ya jamaa wote, na akiona Gurey, jina alilokuita wewe, hayuko tena ndani ya nyimbo zake, nitafuta kila kitu yeye akishuhudia, na kanda itarudi sandukuni. Nilikubali hapohapo. Nilikuwa na kiburi, Abti. Sikufikiri kwamba inawezekana nishindwe.

Nilianza vibaya. Ukiimba mvua, nilichora mvua. Ukiimba kisima, nilichora kisima, na maji ndani yake, na ndoo juu. Nilipoutazama wimbo wa kwanza mzima nikaona nimetengeneza kitabu cha watoto wa chekechea, na nilikusikia kabisa ukicheka. Nikafuta kazi ya miezi miwili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba picha lazima ifanye jambo ambalo wimbo haukulisema. Ukiimba mvua, nimchore mwanamke anayekimbiza kuni ndani kabla tone la kwanza halijadondoka. Tena nyimbo zako hukuzitunga ziwe hadithi moja. Kila moja ina safari yake na hasira yake, na kuna mashimo katikati ambayo hakuna mchoraji anayeweza kuyaziba. Nikaacha kuyaziba. Nikaweka lori linalotoka Kutulo kwenda Garissa, na kila linaposimama wimbo mmoja unapanda.

Lakini wimbo wa tatu ulinitoa jasho. Ule wa msafara, ngamia wanaondoka kisimani. Niliwachora vizuri, nathubutu kusema. Manyoya, kengele za mti shingoni, vumbi magotini. Hawakutaka kutembea na wimbo. Niliwapanga juu ya mdundo, wakaenda hatua nne tano, kisha wakauacha wakaenda zao. Nikakulaumu wewe. Tangu utotoni niliamini kwamba katika wimbo ule unachelewa, kwamba mkono wako unazivuta nyuzi nyuma kidogo, na watu walisema ni kwa sababu wewe ni gurey, mtu wa kushoto, na kaban haikutengenezewa mkono huo. Nilifika mahali pa kutaka kuunyoosha kwa kompyuta, nikusogezesogeze mpaka ukae sawa. Allah aliniepusha.

Mama ndiye aliyenituma Wajir kwa Dakane, mwenzako wa lori, ambaye siku hizi ni dalali wa ngamia. Nilimwonyesha kwenye simu. Alitazama, akaita watu watatu waje watazame nao, na wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "Bicha ni mzuri sana," Dakane aliniambia akijifuta machozi. "Lakini hii si ngamia. Hii ni bunda iko na nundu."

Mtoto wa mjini mimi. Nimekulia Garissa, ngamia nimewaona sokoni wamesimama, au juu ya lori wamekunja magoti, na maziwa yao yamenifikia ndani ya kikombe. Nilikuwa nimewapa mwendo wa punda, mguu wa mbele wa kushoto pamoja na wa nyuma wa kulia. Dakane alinipeleka kwenye njia ya visimani akaniambia nitazame miguu, nisitazame kitu kingine. Miguu miwili ya kushoto ilikwenda pamoja. Kisha miwili ya kulia pamoja. Mwili wote unayumba upande mmoja, unangoja kidogo, halafu unayumba upande wa pili. Ule mngojo, Abti! Dakane alikuwa akipiga mtungi wa plastiki kwa vidole kufuata hatua zao, na mimi nikaujua wimbo kabla hajafungua mdomo kuuimba.

Hukuwa unachelewa. Ulikuwa unamngoja ngamia amalize kuyumba.

Nililia palepale njiani, na Dakane kwa adabu yake akasema vumbi ni jingi leo. Maisha yangu yote niliusikia wimbo ule, niliuimba shuleni, niliulalia, na sikujua unatembea kwa miguu gani. Ilibidi niuchore, tena niuchore vibaya, ndipo nikausikia. Hilo ndilo jibu langu kwako kuhusu filamu hizi. Ulisema picha inakufunga macho. Labda. Lakini mimi ilinifungua masikio, na nilipata kujua kwamba mjomba wangu alikuwa fundi mkubwa kuliko hata nilivyokuwa nikijisifia kwa watu. Nilirudi Garissa nikawapa ngamia wangu miguu mipya, na walikwenda na wewe mpaka mwisho wa wimbo bila kusukumwa.

Sasa wimbo wa nane. Ule uliomtungia Shamsa mlipokuwa hamjaoana, yeye yuko Dagahaley na mama yake, wewe uko Kutulo na lori bovu na barabara imekatwa na mvua. Ubeti mmoja tu, kisha unaguna mpaka mwisho kwa sababu, ulivyotuambia, maneno yalikuwa yameisha na barabara bado haijafunguliwa. Nilimchora mara tatu. Mara ya kwanza uso wake. Mara ya pili mgongo, amebeba maji. Mara ya tatu mkono wake peke yake ukishika pazia la mlango. Kila mara nilipata mwanamke mzuri ambaye hakuwa yeye. Sauti yako ilipopita juu yake nilisikia aibu, kana kwamba nimefungua barua ya mtu. Mwishowe nilifuta yote nikabakiza rangi tupu, rangi ya mchanga wetu jua likianza kulegea. Dakika tatu za rangi moja. Mwenzangu anayenisaidia kuunganisha picha aliniambia nimeharibu filamu nzima, watu watadhani mtambo umekwama. Nami nikaiacha vilevile.

Tuliionyesha Jumamosi, baada ya Alasiri, katika darasa la shule ya jirani. Tulifunika madirisha kwa mikeka. Wanawake walikaa chini nyuma, Habaryar Shamsa katikati yao, na wazee wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na ndevu. Dakane alitoka Wajir na kanzu iliyopigwa pasi. Wimbo wa tatu ulipofika aliwaeleza majirani zake kwa sauti kwamba miguu ile ni kazi yake, mpaka akanyamazishwa. Upande wa kwanza ulipoisha niliacha ile sauti ya kitufe, halafu giza na ukimya, kama kanda inavyogeuzwa. Mzee mmoja akadhani ndiyo mwisho, akaanza kutafuta viatu. Dakane akamvuta kanzu. "Kaa chini! Anageuza."

Ungewaona, Abti. Hakuna aliyegusa simu. Watu wanaozungumza hata kwenye hotuba ya mkuu wa wilaya walinyamaza kwa ajili yako.

Kisha ukaja wa nane. Rangi ya mchanga ikajaa ukutani, ukaimba ubeti wako, na hakuna kilichotokea. Nikasikia minong'ono. Mtoto akasema, "Imekwama." Nilikuwa nimesimama kando ya mtambo na sikuthubutu kugeuka kutazama nyuma. Nilijua nikigeuka nitaona uso wake na nitajua kama nafuta. Ukaanza kuguna. Na chini ya mguno wako nikasikia mguno mwingine. Kwanza nilidhani ni kanda, kwamba kuna kitu ndani yake ambacho sikuwahi kukisikia. Lakini ulitoka nyuma, walikokaa wanawake. Nikageuka: Habaryar Shamsa alikuwa amefumba macho. Aliimba polepole, akakufuata, na pale unapopanda juu mapema, pale pale alipokukosoa miaka yote kutoka jikoni, yeye alingoja akapanda mahali panapostahili. Hakuna mwingine aliyegeuza kichwa. Mliimba wawili mpaka ukuta ukazimika.

Taa zilipowashwa watu wote walimtazama yeye. Alijitengeneza shela, akachukua muda wake. Kisha akanitazama akasema neno moja tu, "Yuko."

Kwa hiyo tugawane, Abti. Kwenye wimbo wa nane haki ni yako. Kuna wimbo ambao mwenye kuusikiliza ana picha yake tayari, na mchoraji mwenye akili anakaa pembeni. Kwenye zile saba nyingine haki ni yangu, na usinibishie. Watoto wa mtaani kwetu, ambao hawajawahi kuiona kanda kwa macho, wanaimba wimbo wa tatu wakienda dukani, na wanayumba. Na lile neno nililokuambia, kwamba mzee hajui sanaa mpya, nalirudisha. Niwie radhi. Ulikuwa umeshafanya kabla yangu, kwa nyuzi peke yake, kitu nilichohitaji miaka miwili na kalamu kukifanya.

Kanda haikurudi sandukuni. Juzi nilienda kumpelekea mkeo maziwa, nikabisha hodi, hakufungua. Nikabisha tena. Ndipo nikasikia ndani upande wa kwanza unaendelea, na sauti yake juu ya yako, anakukosoa. Niliweka maziwa kivulini nikakaa kizingitini.

Kwaheri, Abti wangu. Mungu akulaze pema. Nakuahidi kwamba wimbo wa nane hautapata picha kutoka kwangu, wala kwa mtu yeyote nitakayemfundisha. Na mlangoni kwako, kila nitakapokuja, nitangoja upande uishe.

Abti wako,
Sahra