Usimguse Hamadi Shingo

Nguvumali, Tanga
Ijumaa, baada ya sala

Zuwena, wewe unayemsomea Mama barua hii: kabla hujamsalimia mtu yeyote, chungulia uani. Kama Mama ameshateleka mafuta ya nazi kwa ajili ya mdogo wangu Hamadi, mwambie ayaepue. Asimguse shingo. Asimnyooshe, asimgeuze kichwa, hata kidogo. Mwambie hivyo kwanza, akishatulia ndipo uendelee hapa chini.

Mama yangu, shikamoo. Nisamehe mwanao kwa kuanza na amri badala ya salamu, lakini nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nivuke maji kuja kutafuta maisha huku. Vipi hali yako? Magoti yanakusumbua bado? Mchanga wa kujazia njia ya bwawani msimu huu usikubali kuubeba peke yako. Huku mimi, mke wangu Mwanasha na watoto tuko hai, ila mimi ninaandika barua hii nimekaa wima kama askari wa zamu, daftari nimeliegemeza juu ya cherehani ili nisiinamishe kichwa.

Mama, tulipata ajali ya gari. Mimi na Hamadi, wote wawili. Najua hakukwambia.

Ilikuwa Jumanne alasiri. Unajua alikuja huku kumtafutia dada yetu Bikombo kanga za harusi, lakini kwenye maduka ya Tanga siku hizi utakuta rafu tupu na muuzaji anapiga miayo. Nikampeleka Muheza kwa mtu aliyesikika anazo. Tulipata doti nne, na Hamadi akazifunga zote tumboni chini ya shati, kwa sababu ukikutwa na nguo nyingi njiani unaitwa mlanguzi, na kueleza habari za harusi hakusaidii. Alinenepa ghafla. Nilimcheka njia nzima, namwambia ana mimba ya miezi sita.

Tulirudi na Landrova ya jirani yangu, sisi wawili tumekaa mbele pamoja naye. Tukasimama kwenye kizuizi cha mgambo, magari matatu mbele yetu. Nyuma likaja lori lililojaa robota za mkonge. Mafuta ya breki hayapatikani, watu wanatia maji ya sabuni, na sabuni nayo ndiyo hiyo inayopangiwa foleni. Sijui lile lori lilitiwa nini. Nilisikia honi, halafu nikaona mbingu. Kichwa changu kilikwenda nyuma, kikarudi mbele, basi. Hakuna aliyetoka damu. Kioo hakikuvunjika. Dereva wetu alishuka akaanza kugombana, nasi tukajipapasa tukajiona wazima.

Askari akaja kuandika majina, akasema waliokuwamo wachukue fomu ya polisi waende hospitali wakapimwe. Hamadi akanitazama, mikono imekumbatia tumbo. Nikasema, "Sisi wazima, afande." Naye akasema, "Miye mzima kabisa." Tukamalizia safari kwa miguu mpaka tulipopata gari jingine. Jumatano alfajiri nikamsindikiza bandarini, akavuka kurudi Pemba.

Siku ile ile nilishona mpaka magharibi bila shida, isipokuwa kichwa kilikuwa kizito kisogoni. Nikaenda msikitini. Rukuu ilinichoma kidogo, sijida ikanichoma zaidi. Tulipofika mwisho wa sala, nikataka kutoa salamu kulia, shingo ikakataa. Imamu keshageuka kulia, keshageuka kushoto, watu wanaanza kuvuta tasbihi, mimi bado natazama kibla. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu akadhani nimezama katika dua, akaniombea kheri. Mama, niliogopa hata machozi yakanitoka. Nilirudi nyumbani nageuka mwili mzima kila mtu aliponiita, kama mtu wa mbao.

Mwanasha aliponiona akasema, "Mie nakwenda kumwita mkandaji." Nikamwambia mkandaji wangu yuko Pemba na sikandwi na mwingine. Nilikuwa najivuna tu, lakini nadhani majivuno hayo ndiyo yaliyoniokoa.

Alhamisi asubuhi tulikwenda hospitali. Mashine ya picha ipo, filamu hakuna. Daktari aliyeniona ni mwanamke wa Kishambaa, mwembamba, anaongea polepole. Hakunivuta popote. Alisimama nyuma yangu akaniminya mfupa mmoja mmoja kwa kidole gumba, anauliza hapa je, na hapa je. Akaniambia nimbane vidole vyake kwa nguvu, mkono huu na huu. Akanipitishia pamba mikononi nimefumba macho, niseme inapogusa. Akauliza kama miguu ina nguvu, kama haja ndogo inatoka sawasawa, kama naona vitu viwili viwili. Nikamuuliza kwa nini maumivu yamekuja siku ya pili wakati siku ya ajali nilikuwa nacheka.

Akasema gari likigongwa kwa nyuma, kiwiliwili hutupwa mbele na kichwa hubaki, halafu kichwa nacho hurushwa. Nyama na kano za shingo huvutika kupita kiasi. Mwili ukiwa bado na mshituko hausikii kitu. Uvimbe ukija baadaye ndipo mtu anakakamaa, anaumwa kisogo, mabega, wengine kizunguzungu. Mimi nimelielewa kwa kazi yangu: ukivuta uzi mmoja kwenye kitambaa, hakichaniki, lakini kinajikunja chote. Na uzi ule ukizidi kuuvuta ndio unaharibu nguo.

Akasema yangu ni hiyo ya nyama na kano tu, itapona kwa wiki chache. Siku mbili tatu za mwanzo niweke kitu cha baridi, baadaye cha moto wa kadiri. Barafu nimeipata kwa wauza samaki, basi nyumba nzima inanuka changu na paka wa mtaa wamenifanya jamaa yao. Kola ya shingo hospitali hawakuwa nayo. Nikaishona mwenyewe kwa boksi la kartoni, nikaijaza sufi na kuivisha kitambaa cha shuka. Leo asubuhi nilipomrudia daktari akaiona, alicheka, akasema hajaona kola yenye mshono mzuri vile, ila nisiivae zaidi ya siku chache, maana shingo ikilazwa sana inasahau kazi yake. Kila baada ya muda nigeuze kichwa mwenyewe, taratibu, kulia na kushoto, nikisikia uchungu unaanza nirudi. Mwenyewe, alisema, si kwa mkono wa mtu.

Hapo ndipo nikamuuliza habari ya kukandwa, Mama. Nilimweleza juu yako. Nilimwambia kijiji kizima kinapita mikononi mwako, kwamba unamlaza mtu, unampaka mafuta, unamkanda mabega mpaka anasinzia, halafu unamshika kidevu na kisogo unamgeuza mara moja, shingo inaalika kwa mlio, naye anainuka anacheka. Nimeona watu wengi mno wakiinuka hivyo. Yeye hakukudharau hata kwa neno moja. Alisema kusugua mabega kwa upole si vibaya. Kule kugeuza kwa ghafla, kwa mtu aliyetoka kwenye ajali, ndiko kunakomnyima usingizi. Kisha akasema, "Njoo."

Akanipeleka kwa mgonjwa mmoja, mkata mkonge, mtu wa milimani, Yohana. Basi walilopanda liligongwa. Siku chache baadaye shingo ikakaza na vidole viwili vikawa vinakufa ganzi. Akapuuza. Kambini yupo fundi wa kunyoosha, mtu mwema, hakutaka hata malipo. Alimgeuza mara moja tu. Sasa mkono wa kulia wa Yohana umelala juu ya shuka na yeye anautazama. Mkewe alikuwa anamnywesha uji. Yohana aliniambia, "Ndugu yangu, nilisikia mlio, nikasema afadhali, sasa imekaa sawa." Daktari anasema huenda mfupa ulikuwa na ufa, hakuna aliyejua. Ile ganzi ndiyo iliyokuwa inasema.

Mama, nilitoka pale namwona Hamadi amelala kwenye mkeka wako.

Nilikwenda posta kupeleka simu, nikaambiwa laini imekatika tangu wiki iliyopita. Ningevuka mwenyewe, daktari amenikataza mtikisiko wa chombo. Ninajua kawaida yako kwamba msafiri humkandi mpaka alale nyumbani siku tatu. Atakuwa amefika Alhamisi. Nimepiga hesabu mara ngapi sijui: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Bwana Shaame mchuuzi wa ndimu anavuka kesho na ameniapia atakuletea barua hii mkononi Jumapili asubuhi kabla hajauza hata ndimu moja. Nami nimekaa hapa namwomba Mungu usiwe umeivunja kawaida yako kwa huruma ya mama.

Basi ukisikia haya, fanya hivi. Mwite Hamadi, akae. Mwambie akubane vidole vyako kwa mikono yote miwili, usikie kama upande mmoja ni dhaifu. Muulize ganzi, muulize kutembea, muulize haja ndogo. Kama kuna lolote katika hayo, au mfupa wenyewe wa shingo unamuuma ukiugusa kwa kidole tu, usimwinue tena. Mlazeni chali kwenye ubao, mtandio mzito ukunjwe kila upande wa kichwa kisichezecheze, watu wambebe mpaka barabarani, aende hospitali mjini. Daktari kasema wasione haya kumbeba mtu anayeweza kutembea. Kama hakuna lolote, mwache ageuze shingo yake mwenyewe kidogo kidogo, naye apone kama ninavyopona mimi.

Usinione nimekuja kukufundisha kazi yako. Mikono yako ndiyo iliyonilea, na iliponikanda mimi nilipona kila mara. Naogopa tu, Mama. Naogopa mno.

Nisalimie Baba mdogo Makame, mwambie asipande mikarafuu ya juu mwaka huu, awaachie vijana. Nisalimie Bikombo bibi harusi wetu. Kanga zake zimevuka salama, azivae kwa kheri. Nisalimie Bi Mize jirani msusi wa mikeka, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aniombee. Mwanasha anakuamkia, na wajukuu wanakuamkia.

Nilikuwa nitie sahihi hapa. Lakini kuna neno nimelizunguka tangu mwanzo wa barua. Zuwena, usilimeze hili, lisome kwa sauti.

Jumatano pale bandarini, Hamadi alinionyesha mkono wake wa kushoto. Akasema, "Kaka, vidole hivi viwili sivisikii sawa tangu niamke." Mimi nilikuwa namtazama askari wa forodha, nawaza kanga. Nikamwambia, "Nyamaza, utatushikisha. Mama atakukanda. Akikuuliza, sema umelala vibaya chomboni." Akasema, "Haya, kaka." Tangu Baba afariki hajawahi kunikatalia neno.

Kwa hiyo ukimuuliza, Mama, atakwambia hana ganzi. Atacheka, atakuonyesha mkono. Usimwamini. Anakudanganya kwa kunitii mimi. Mwambie Faki amekiri, naye aseme kweli.

Mwanao,
Faki