Mkwe Hatukanwi, Nimemtukana Ng'ombe

Chausiku, acha cherehani kwanza unisome. Nachemka!

Farhan, mume wa binti yangu Rukaiya, kamtilia ng'ombe wangu urea, ile mbolea, kwenye maji ya kunywa. Kwenye MAJI, shoga! Eti maziwa yaongezeke.

Na daktari wa mifugo alituambia sie wote: iwe kidogo sana, ichanganywe vizuri na pumba na molasi, ng'ombe azoeshwe taratibu. Yeye kakoroga ndooni kama sharubati!

Ng'ombe anatetemeka, tumbo limejaa kama ngoma, povu linamtoka. Nikamnywesha siki yangu yote ya achari na maji baridi, kama daktari alivyotufundisha.

Sasa hasira nazipeleka wapi? Mkwe hatukanwi! Nikamgeukia ng'ombe, Farhan kasimama palepale: "We ng'ombe mpumbavu! Masikio makubwa hivyo, kusikia husikii! Haraka ya nini?" Chamazi nzima wamenisikia.

Farhan kainamisha kichwa. Ng'ombe alipopata nafuu, akaanza kucheua, ndo mwanaume akamshika shingo: "Nisamehe, ng'ombe. Sirudii."

Kwenye MAJI, Chausiku!

Nikamwambia ng'ombe: "Haya, msamehe. Ila akikusogelea tena na ndoo, mpige teke."