Miwani ya Kuinua Milima

Mpwa wangu Anjela,

Pokea salamu zenye vumbi jekundu la Karatu, huku alikoolewa mama yako mdogo. Mjomba wako ni mzima, na huku sasa wananiita injinia!

Maji ya mvua yalikuwa yakishuka kilimani na kupita katikati ya jiko la mama yako mdogo. Bwana mpimaji akaja na picha zilizopigwa na ndege, pamoja na miwani ya chuma yenye miguu. Ukichungulia, vilima vinasimama juu ya karatasi! Nikainua mguu nisije nikakanyaga kanisa. Watu wakacheka: "Shemeji, vua viatu kwanza!"

Mpango ulitaka mfereji wa kuyageuza maji upite kwenye maharage ya jirani, Mzee Amsi. Akagoma. "Karatasi haijawahi kulima kwangu!"

Nikamwambia, "Mzee, chungulia tu." Akainama, akakaa, akakaa.

"Ng'ombe wangu simwoni."

"Picha ni ya zamani," akasema mpimaji.

"Na huu ufa mweusi nyuma ya nyumba yangu?"

"Ni korongo, Mzee. Kila masika maji haya haya yanalisogeza kwako."

Akafuta macho. "Basi chimbeni. Lakini maharage nivune kwanza."

Tukavuna naye, kisha kijiji kizima kikachimba. Mimi peke yangu nilikuwa sawa na trekta mbili.

Leo imenyesha mvua ya kutisha hata simba wa Kreta, kule hifadhini. Maji yamefuata mfereji, na mama yako mdogo ametoka na mwiko mkononi kuyatazama. Nimemwona akiyapungia.

Mungu awalinde, na unibusie mama yako shavuni.

Mjomba wako,
Injinia